Sifuri ya Shemeji

Karatasi haikuwa yake, lakini mpanga mizigo aliisoma mara mbili. Ilikuwa mezani kwa dada yake, imekandamizwa na kopo la sukari. Jina la shemeji yake. Pensheni ya ulemavu. Kodi: sifuri.

Yeye alikuwa na barua iliyomkosesha raha wiki nzima. Ilisema kwamba anapokea pensheni ya ulemavu na pia fidia ya kuumia kazini. Zikijumlishwa, mapato yake yanavuka kiwango, hivyo pensheni itakatwa kodi.

Na waliumia siku moja, ghala moja! Foklifti ya kunyanyulia mizigo ilirudi nyuma ghafla, ikaupanda mguu wa shemeji, ikaenda kugonga rafu. Vyuma vikaanguka na kuuponda mkono wa mpanga mizigo. Hospitalini walilazwa vitanda jirani.

“Kaa basi, shem, chai inakuja,” shemeji alisema, akiingia kwa magongo.

“Kumbe wewe hukatwi kodi?”

Shemeji aliichukua ile karatasi, akaikunja upesi. “Kwa hiki kidogo? Wakate nini?” Akacheka.

Upesi ule ndio uliomchoma. Chai hakuimaliza.

Haikuwa mara ya kwanza. Kazini, funguo za ghala alipewa shemeji. Nyumbani, mama yake mzazi akiumwa hata kichwa alimpigia mkwe kwanza, mwana baadaye. Sasa hata kilema cha mtu yule kilikuwa na bahati kuliko cha wenzake!

“Anaificha fidia yake,” alimwambia mkewe. “Hana lingine.”

“Muulize.”

“Nimuulize mwizi kama ameiba?”

“Ni mume wa dada yako,” mkewe alisema. “Na ndiye aliyekulisha kwa kijiko wodini, ulipokuwa huwezi kushika kitu.”

Hilo nalo lilimkera. Kesho yake asubuhi alikuwa dirishani ofisi ya kodi.

“Si chuki, mama,” alimwambia ofisa, mwanamke mwenye miwani iliyoning’inia kifuani. “Ni haki tu. Msumeno ukate mbele na nyuma.”

Ofisa aliandika kila neno.

Baada ya wiki mbili waliitwa wote wawili. Shemeji alipanda ngazi moja moja, jasho likimtiririka, na alipomkuta mpanga mizigo mlangoni uso ukamchangamka.

“Na wewe wamekuita, shem? Afadhali. Peke yangu ningeogopa.”

Mpanga mizigo alijifanya kufunga kamba ya kiatu, kwa mkono mmoja.

Ndani, ofisa alifungua faili. “Tumepata taarifa kwamba unapokea fidia ya ajali na hujaitaja.”

Shemeji alitazama sakafu. Hakuuliza nani kasema. Mpanga mizigo alihisi moyo ukimruka kwa furaha: leo amepatikana.

“Nimefuatilia kwa mwajiri na kwa mfuko wa fidia,” ofisa aliendelea. “Huna fidia. Hujawahi kulipwa hata senti. Pensheni peke yake haifiki kiwango cha kodi, ndiyo maana hukatwi.” Akavaa miwani. “Lakini ni haki yako, baba. Mguu wako umekwenda. Fomu yako ya madai imerudishwa mara tatu kwa sababu ya swali moja tu, na muda wa kudai unaisha Ijumaa. Lijibu hapa hapa, niipeleke mwenyewe.”

“Swali gani hilo?” mpanga mizigo aliropoka.

Ofisa hakumtazama. Aliisogeza fomu mbele ya shemeji, akamwekea na kalamu. “Siku ile, nani aliendesha foklifti bila ruhusa?”

Mpanga mizigo alikuwa bado amesimama.

“Sikumbuki,” shemeji alijibu kwa mara ya nne, kisha akasogeza kiti chake ampe nafasi ya kukaa yule aliyekuwa ameshika usukani.