Rejeleo la Ishirini

Kidawa alibakiza rejeleo moja tu kumaliza tasnifu yake. Programu ya akili mnemba ilimpa kitabu cha mtu aitwaye Mbaruku Shineni, ukurasa wa sitini na moja, lakini kwenye hifadhidata ya maktaba hakikuonekana kabisa.

"Mtu huyu hayupo, mwanangu," alisema Bi Mwanahija, mkutubi. "Mashine imemzua tu. Mfute."

"Msimamizi anataka marejeleo ishirini kamili, mama. Nani atajisumbua kumtafuta?"

Akaliacha jina, akaituma kazi.

Kabla hajafunga kompyuta, mwanamume mmoja mwenye mkoba aliingia, akajiandikisha kwenye daftari la wageni pale mlangoni. Bi Mwanahija alilisoma jina, akamtazama Kidawa.

Mgeni alikwenda moja kwa moja hadi mezani kwa Kidawa, akavuta kiti.

"Nashukuru kwa kunitaja," alisema kwa upole.

Akatoa mkobani kitabu kinene chenye jina lake, akakifunua polepole. Kurasa zote zilikuwa nyeupe, isipokuwa ule wa sitini na moja.

"Sasa niambie," alisema, akimsogezea kalamu, "kwingine niliandika nini?"