Usaili wa Digidigi

Nyumbu walitafuta mlinzi wa malishoni. Digidigi, aliyekwisha kukataliwa na pundamilia, alikariri majibu hadi ulimi ukamkauka. Mbele ya Mzee Nyumbu masikio yalimcheza huku na huku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tulia, mjukuu wangu. Jieleze."

"Mimi ni mwombaji mwenye... mwenye..."

"Mwenye nini? Kunguru aliyetangulia amejieleza kama mshenga."

"Chui yuko nyuma yako, mzee. Kwenye nyasi ndefu, kushoto."

Kundi zima likatimka. Ng'ambo ya mto, Digidigi akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mzee, nimekukatiza. Naomba nijieleze upya."

"Umeshajieleza," Mzee Nyumbu akasema huku akihema. "Panda pale kwenye kichuguu, uendelee kutetemeka."