Stika ya Mkuu

"Mikono ilikutetemeka, mzee. Bunduki ni nzima hiyo," alisema mkuu wa askari wa wanyamapori, tumbo limeegemea meza, akimsogezea karatasi ya kukiri kwamba kosa lilikuwa lake.

Mzee hakuigusa. Siku nyati alipomkanyaga mkewe kisimani, risasi ya kwanza ilikosa na ya pili haikupanda kwenye mtutu. Sasa aliichukua bunduki ileile mezani, akapakia tatu, akavuta bolti, komeo lake, mara mbili. Moja ilipanda. Ya pili ikabaki chini, imetulia kama mgeni asiyetaka kuaga.

Akachomoa kasha la risasi, akaingiza kidole. Palinata. Akabandua stika ya ofisi, pembe zimekunjamana, gundi imeshika kibao cha springi kinachosukuma risasi juu. *Imekaguliwa. Ni salama.* Chini yake, sahihi ya mkuu.

"Zikikaa nje zinabanduka na mvua," mkuu alisema, sauti imepungua. "Tukaamua zibandikwe ndani."

"Mkaamua." Mzee alimtazama kama mavi ya kuku kwenye sahani. "Na shule zote hizo."

Akairudisha stika palepale, akailainisha kwa kidole gumba, akapakia risasi tatu na kumkabidhi mkuu bunduki.

"Nyati bado yuko bondeni. Tangulia, mheshimiwa."