Nyayo Zilizopanda Ngazi

Paka wa ghorofa ya tisa alijigamba kwamba mji mzima haukuwa na mnyama msafi kama yeye, kwa sababu alijilamba asubuhi na jioni. Siku moja nyayo za masizi, kubwa kuliko sinia, zikaonekana zimepanda ngazi hadi mlangoni pake.

"Huyo ni Tembo," alisema Paka. "Nani mwingine ana mguu wa hivyo?"

Tembo aliishi karibu na soko, na kila alikokwenda alikwenda kwa miguu. Alipoitwa, akakanyaga unyayo mmoja.

"Unanipwaya, Bi Paka. Halafu tazama hivyo vidole. Ni vya paka."

Paka akacheka, akaweka mguu wake mweupe katikati. Masizi yakapata joto, yakamng'ang'ania kama mtoto aliyemwona mama yake.

Akajichomoa, akakimbilia lifti. Nyuma yake kiyoyozi kilibaki kikinguruma, maana madirisha ya jumba lile hayakufunguka. Akaingia kwenye gari alilozoea kuendea maziwa duka la ng'ambo ya barabara, akaliendesha mbio hadi nje ya mji.

Aliposhuka, nyayo zilikuwa zimemtangulia, zikinuka moshi wa gari lake, na kila mmoja ulitosha kulilaza gari lile ndani yake.