Watumishi Watatu wa Chesang

Nilifukua kiazi kimoja kwa kidole, na ganda lake likateleza kama utando wa maziwa yaliyochemka. Viazi vimeanza kuoza.

Mjukuu wangu Chesang, aniitaye Gogo, yaani bibi, hakuona. Alikuwa amekalia ndoo kando ya shamba, macho kwenye laptopu. Humo ndani ana watumishi watatu wasio na mikono, programu tu za kompyuta, na lugha aliyowatungia ya kusemezana: mmoja aangalie mvua, mmoja aite lori, mmoja aite wachimbaji. Tangu Jumatatu wanasemezana tu, na mvua ya Kuresoi haijawangoja.

"Wamekwama wapi?"

"Wa lori anangoja viazi vichimbwe, Gogo. Wa wachimbaji anangoja lori likubali."

"Na wa mvua?"

"Anawangoja hao wawili."

Nilicheka hadi nikashika kiuno. "Kitendawili!"

"Gogo, si sasa."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Wageni watatu mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. Chakula kimejaa mezani, na wao wamekufa njaa."

Langoni, wanawake saba walikuwa wamekalia magunia matupu. Miaka yote wamechimba hapa kwa kuitwa na mdomo wangu, lakini msimu huu Chesang amewaambia wangoje ujumbe wa simu.

Nilikiweka kile kiazi katikati ya vibonyezo vya laptopu yake, maji yake yakapenya chini. Kisha nikashika jembe, nikapaza sauti: "Akina mama, ingieni!"

Wote saba wakaangalia simu kwanza.