Sauti Waliyoisubiri Kambini

Mtutu wa bunduki ulitangulia kuingia, mwenyewe akafuata.

Shangazi alikuwa mbele ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kidole kikiwa juu ya kitelezi cha muziki, akiwapandishia wasikilizaji wimbo wa asubuhi. Watu wa kituo walimwita Shangazi kwa sababu ndiye fundi mitambo mkongwe kuliko wote. Kando yake mtangazaji wake, waliyempachika jina la Kasuku kwa wingi wa maneno, alikuwa akinywa chai. Kikombe kilimponyoka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Kasuku alikosa la kusema.

Waliingia askari wawili, na katikati yao mzee mrefu mwenye nyota mabegani. Shangazi alimtambua kabla hajafungua kinywa. Nani asiyemjua Jenerali? Sauti yake nzito ilisikika redioni kila penye gwaride.

"Zima huo muziki," alisema askari mwenye kovu. "Serikali imeanguka. Mzee ana tangazo. Kambi zote zinaisubiri sauti yake. Zikiisikia tu, zinatoka." Akauegemeza mtutu kwenye kiti cha Shangazi. "Isiposikika, mama, utajua hujui."

Jenerali akaingia chumba cha kutangazia, upande wa pili wa kioo, karatasi ikimtetemeka mkononi. Hasira hizo, Shangazi aliwaza. Mzee akaketi, akavaa hedifoni.

Tangazo la namna hiyo liliwahi kusomwa zamani, Shangazi akiwa msichana. Kaka yake alitoka kwenda kumchukua mama sokoni. Mama alirudi, kaka hakurudi, na kaburi lake hawalijui hadi leo.

Mikisa ile ilikuwa ya kidijitali: ukigusa skrini, unaipeleka sauti utakako. Maiki ya mtangazaji ilikuwa na njia mbili, ya hewani na ya majaribio. Taa nyekundu ya juu ya mlango haikujua tofauti. Kitelezi kikipanda, nayo inawaka. Shangazi akaigusa skrini hapa na pale, mithili ya mtu anayepangusa vumbi. Maiki akaipeleka kwenye majaribio, na spika za chumba chake cha mitambo akazielekeza huko huko. Wimbo ukanyamaza mle ndani. Kwa wasikilizaji uliendelea kama kawaida, na kompyuta ilikuwa imepanga nyingine nyingi za kuufuata.

Akapandisha kitelezi. Taa nyekundu ikawaka.

"Ndugu wananchi," sauti ya Jenerali ilizijaza spika. Kisha ikakatika. Mzee aligusa hedifoni sikioni, akainua macho, akamkazia Shangazi kupitia kioo.

Amejua!

"Fundi," alisema Jenerali polepole. "Sauti yangu inatoka sawasawa?"

Shangazi akainua dole gumba.

Mzee alimtazama, akamtazama. "Haya," akasema, akarudi kwenye karatasi yake.

Akasoma. Bunge limevunjwa. Atakayeonekana barabarani atapigwa risasi. Askari wa kila kambi watoke, wayashike madaraja. Alisoma kwa kishindo hata vijiti vya mwanga vinavyopima sauti vikawa vinagonga rangi nyekundu, na Shangazi, woga wote ule, kwa mazoea tu, akampunguza kidogo.

Askari wa pili alichomoa simu ndogo mfukoni, akavuta antena yake ya redio. "Ngoja niwashe redio, tusikie inavyovuma huko nje."

Kasuku, aliyekuwa amechutama pembeni na ambaye aliona kila kilichoguswa kwenye skrini, alianza kuchezesha midomo bila sauti. Alikuwa akisali.

"Wewe!" Jenerali alikuwa ameinuka nusu, ameifunika maiki kwa kiganja, maneno yakitoka kwenye spika kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Redio ikiwashwa humo itapiga mluzi kwenye maiki na kuharibu kila kitu. Rudisha mfukoni!"

Shangazi alijua si kweli. Kioo kile hakipitishi hata ngurumo ya radi. Lakini si kila mkubwa ni wa kusahihishwa.

Askari alimtazama kwanza mwenzake. Mwenye kovu alipoitikia kwa kichwa, ndipo simu ikarudi mfukoni.

Jenerali alimaliza, akatoka jasho likimchuruzika shingoni. "Nchi nzima imesikia," aliwaambia. "Twendeni." Alipita nyuma ya kiti cha Shangazi bila kumtupia jicho. Askari wakamweka kati, wakashuka naye.

Vishindo vya viatu vilipofifia ngazini, Kasuku alipata ulimi. "Shangazi, mlango wa nyuma! Wakifika penye redio yoyote, tumekwisha!"

"Tangulia. Karatasi imebaki mle ndani, asije mwingine akaisoma."

Aliingia mbio chumba cha kutangazia, akaichana karatasi vipande vipande. Alipogeuka kutoka, akasikia kitu kikilia taratibu mezani. Hedifoni. Kitufe cha kuchagua kinachosikika ndani yake kilikuwa pale pale kwenye meza ya mtangazaji, si kwenye mikisa, na katika hofu yake hakukikumbuka. Kilielekea hewani, kama Kasuku anavyokiacha kila siku.

Akaziinua, akaziweka masikioni. Ulikuwa ni muziki, sauti juu kabisa. Ndio peke yake aliokuwa akiusikia Jenerali, tangu neno lake la kwanza hadi la mwisho.