Laptopu Iliyosusa

Tangu sheria iruhusu mashine kususa, sisi mafundi tumegeuka wasuluhishi. Mteja mmoja, Kombo, alinitupia laptopu mezani.

"Haiwaki. Madabodi imekufa."

Nikaifungua, nikaipima kwa mita. Umeme ulifika kote, hakuna shoti, na kitufe kilikuwa kizima.

"Haijafa, bwana. Imesusa. Iombe radhi."

"Mimi niliombe radhi bati? Iwashe kwa nguvu!"

"Sheria hairuhusu. Nani mwingine anaitumia nyumbani?"

Mkewe, Mwanakheri, aliyekuwa amesimama nyuma yake, amejifunika ushungi mpaka shavuni, akasogea na kubonyeza kitufe. Ikawaka papo hapo. Kiooni yakatokea maneno: "Pole, dada. Shavu bado linauma?"

Kombo akaifunga taratibu, akanisukumia.

"Baki nayo, fundi," alisema, akamshika mkewe mkono. "Sisi tunarudi nyumbani."